Naambiwa nisaini malipo ya paa zima na wodi ya wazazi bado iko wazi

SWALI

Shikamoo mama, pole na majukumu. Huwa nasoma majibu yako siku zote na sasa zamu yangu imefika. Mimi ni fundi sanifu majengo, nina mwaka mmoja na kidogo kazini kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa. Mwezi wa tatu niliambiwa nikasimamie ukarabati wa zahanati moja iko mbali na makao makuu, majengo ya zamani, mkandarasi ni wa daraja la saba, mkataba milioni 86 na ushee, siku 90. Kazi ni kuezua na kuezeka upya jengo la wagonjwa wa nje, wodi ya wazazi na nyumba ya mganga, halafu siling bodi, rangi, wayaringi na vyoo.

Sasa tuko Juni na mambo yamenichanganya. Mkandarasi ameleta madai yake, ameandika ameezeka mita za mraba 412, yani paa lote, wakati mimi nimepima mwenyewe na ninayo kwenye daftari, jengo la wagonjwa wa nje 140 limekamilika, nyumba ya mganga 120 nayo imeezekwa, lakini wodi ya wazazi ambayo ni 152 imeezuliwa tu iko wazi mpaka leo na wamama wanajifungulia kwenye chumba cha kufungia vidonda. Na hizo bati za nyumba ya mganga nilipozishika nikaona nyepesi nikaomba kipande nikaenda kukipima, ni geji 30, BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei iliyoko kwenye mkataba, inasema 28.

Kuna lingine. Alipoezua wodi akakuta mchwa wamemaliza kenchi karibu zote mpaka ile mbao inayolala juu ya ukuta. BOQ iliweka mita 60 tu za mbao mbili kwa nne, zinahitajika kama 200, na hapo kiukweli hadanganyi nimeziona. Ila anasema tusisumbuane na makaratasi, tubalansi kwenye rangi, yani tuandike rangi imepigwa eneo kubwa kuliko lililopo halafu hiyo hela ya ziada ndio inunue mbao.

Bosi wangu anasema nisaini tu, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, hela isipotoka inarudi Hazina na zahanati itabaki bila paa na lawama zitakuwa zangu, jamaa atamalizia kazi Julai akiwa ameshalipwa, ndivyo wote wanavyofanya. Diwani naye anapiga simu kuuliza kwanini binti anakwamisha mradi. Ofisini nimeanza kuitwa mtoto wa chuo.

Mama, nikisaini naogopa nisiposaini naogopa. Bei ya kuezeka kwenye BOQ ni shilingi 32,000 kwa mita ya mraba. Na je hizo mbao nifanyeje maana wodi haiwezi kuezekwa juu ya kenchi zilizoliwa? Na ukarabati ukishaisha tunafanyaje jengo lisirudi hali ileile baada ya miaka miwili kama yalivyo majengo yetu mengi huku?

Binti Sanifu, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hilo daftari maana ndilo litakalokuvusha, nitakueleza.

Wamekuwekea swali la kusaini au kutosaini na wewe umelipokea hivyohivyo ndio maana unaogopa pande zote mbili. Nimefanya ukadiriaji majenzi mpaka nikastaafu nao na nakwambia sertifiketi ya malipo haiulizi ndio au hapana, inauliza kiasi gani. Kazi yako sio kumzuia mkandarasi asilipwe, kazi yako ni kusema amefanya ngapi, basi sema ngapi. Madai ya mkandarasi ni maombi yake, anaruhusiwa kuandika anachotaka, ila sertifiketi ni ya upande wa halmashauri na inabeba vipimo vya halmashauri.

Tuipige hesabu hapahapa. Yeye anadai 412 mara 32,000, hiyo ni shilingi 13,184,000. Kilichopo chini ya mkataba ni zile mita 140 za jengo la wagonjwa wa nje, geji sahihi, hapo anastahili shilingi 4,480,000. Wodi ni sifuri kwenye kipengele cha kuezeka. Kuezua alikofanya kama kuna kipengele chake mlipe chote, usimdhulumu. Nyumba ya mganga nitairudia. Kwahiyo unachopeleka kwa bosi ni sertifiketi iliyojazwa na kusainiwa na wewe yenye kiasi halali, sio karatasi tupu na malalamiko. Hapo hakuna atakayesema binti amegoma, malipo yapo mezani, kama kuna mtu anataka zaidi ya hapo inabidi aandike yeye kwa mkono wake kwanini, na mwanangu watu wengi sana hupoa wakiambiwa waandike.

Na umwangalie huyo mkandarasi pia, simtetei ila nawajua hawa wa daraja la saba, mtaji ni mdogo, mbao amekopa, mafundi wanamdai, na pengine madai yake ya kwanza halmashauri ilichelewa kumlipa. Soma mkataba uone kama una kipengele cha kulipia vifaa vilivyoko saiti, mingine inacho. Kama kipo na ana bati za geji 28 na mbao zimelala pale stoo ya zahanati, hesabu, piga picha, chukua nakala ya risiti za EFD, weka kwenye sertifiketi kwa asilimia inayotajwa na mkataba. Hiyo ni hela halali inayoweza kutoka kabla ya tarehe 30 na inamsaidia kuliko kudanganya mita. Kama mkataba haukitaji usikibuni.

Kabla ya hapo lakini nenda saiti mkapime pamoja. Wewe, mkandarasi mwenyewe au msimamizi wake mwenye barua, na mjumbe wa kamati ya zahanati ashuhudie. Tepu moja, fomu moja, kila kipengele kinapimwa kinaandikwa na wote mnasaini palepale kabla hamjaondoka. Asiposaini andika kwamba alikuwepo akakataa na sababu aliyotoa. Vipimo ulivyopima peke yako ni vizuri ila vya pamoja ndio vinasimama mbele ya mtu yeyote, awe mkaguzi wa ndani anayepitia malipo kabla hayajaingia MUSE, ule mfumo wa malipo wa serikali, awe mkaguzi wa CAG, yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, atakayekuja baadae na yeye anabeba tepu yake. Wakaguzi siku hizi hawaishii kwenye faili, wanaenda mpaka kwenye jengo wanahesabu.

Hilo la kusaini kazi ambayo haipo nataka ulielewe vizuri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya 2007, kifungu cha 22, inahusu kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri. Haijalishi kama wewe hukula hata senti, ukishaandika 412 na unajua ni 260 umeshaingia. Na anayesaini wa kwanza ndio shahidi wa kila kitu kinachofuata, mkuu wa idara atasema nilimwamini fundi sanifu, mweka hazina atasema nililipa kilichothibitishwa, wote watakuelekezea wewe na karatasi itawaunga mkono. Mkandarasi aliyelipwa kazi asiyoifanya hana sababu ya kurudi Julai, atahamia kwenye kazi nyingine inayomlipa na wewe utabaki unapiga simu haipokelewi. Nimeona wodi zimekaa wazi mpaka mvua za vuli zikanyeshea kuta za ndani na lipu yote ikadondoka, ukarabati ukaanza upya kwa gharama kubwa zaidi.

Sasa bati za geji 30. Kwenye bati namba ikipanda unene unapungua, geji 30 ni jembamba kuliko 28, litabonyea fundi akikanyaga na litaoza mapema. Usikubaliane nae kwa mdomo kwamba atapunguza bei kidogo, wewe huna mamlaka hayo. Mhandisi wa halmashauri amwandikie barua ya kukataa kazi, itaje kipengele cha BOQ, kipimo kilichopatikana, na muda wa kubadilisha. Kipande ulichopima kifunge kwenye bahasha andika tarehe na mahali kilipotoka mkisaini wote wawili. Mpaka abadilishe, mita 120 hazilipwi. Atalia ni hasara, ndio ni hasara, lakini aliisoma BOQ kabla ya kuweka bei, na waliokosa hiyo zabuni pengine waliikosa kwa sababu wao waliweka bei ya geji 28 kweli.

Kwenye mbao nitakaa kidogo maana hapa ndipo ukarabati unapotofautiana na jengo jipya na watu wengi wa halmashauri hawapaelewi. Jengo jipya unachora unahesabu tofali na nondo, unajua unachonunua. Ukarabati vitu vinavyogharimu vimejificha juu ya siling bodi, nyuma ya lipu, chini ya sakafu, na anayeandaa BOQ mara nyingi amesimama nje akaangalia paa kwa macho akaandika mita 60. Alitakiwa kupanda, kuchoma kenchi kwa bisibisi aone inaingia kiasi gani, na kuweka kifungu cha dharura kwenye bajeti. Kwahiyo kuongezeka kwa mbao sio kosa la mkandarasi wala lako, ni jambo la kawaida kabisa na mkataba una mlango wake, kinaitwa badiliko la kazi, nyie mnaita varieshen.

Kubalansi kwenye rangi ni kitu kingine. Najua kinaonekana ni cha nia njema maana mbao kweli zinahitajika. Lakini angalia kinachotokea, faili litasema rangi imepigwa eneo ambalo halipo na litasema mbao zilizobadilishwa ni mita 60. Mkaguzi akija atapima kuta akute rangi imelipwa zaidi, mbao zitakuwa zimeshafunikwa na siling bodi hakuna atakayeziona, na wewe huna karatasi hata moja inayosema ziliwekwa. Umefanya kazi ya haki ukaiandika kama wizi. Na zaidi ya hapo mkandarasi akishajua mnabalansi, kesho atabalansi na kitu ambacho hakikuhitajika.

Fanya hivi. Kabla mbao hata moja haijaongezwa, hesabu kenchi moja moja, zipe namba kwa chaki, kenchi ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, piga picha kila moja namba ikionekana na sehemu iliyoliwa ikionekana. Andika ripoti fupi, ukurasa mmoja na nusu unatosha, mita zinazohitajika, bei ileile ya mita iliyoko kwenye BOQ maana kipengele tayari kipo, jumla yake, na athari kwenye muda. Mkandarasi aandike barua ya kuomba, mhandisi apitishe, ipande kwa mkurugenzi na kama kiwango kinataka bodi ya zabuni ipande huko, mwanasheria aione, na iingizwe NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, maana siku hizi zabuni na usimamizi wa mkataba vyote vinapita humo. Idhini inatangulia kazi. Akishaweka mbao kabla ya idhini halafu mkakimbizana na karatasi baadae huo ni mwanzo wa ugomvi. Na hela itoke wapi, angalia kama BOQ ina fungu la dharura, kama halipo angalia vipengele ambavyo kweli havitafanyika, mfano kama kuna siling ya chumba fulani iko nzima haina haja ya kubadilishwa, ikatwe rasmi kwa maandishi na ipunguze gharama waziwazi. Huko ndio kubalansi kwa halali, karatasi na jengo vinasema kitu kimoja.

Mbao zikiidhinishwa ziwe zimetiwa dawa, na dawa ya mchwa ipigwe kwenye udongo kuzunguka msingi, la sivyo mnawaletea mchwa chakula kipya. Na hapo weka sharti ambalo mikataba mingi tayari inalo, mkandarasi hafuniki kazi yoyote kabla hajakuita uione. Siling isipande mpaka umeona kenchi, lipu isipigwe mpaka umeona mabomba ya wayaringi. Akifunika bila kukuita una haki ya kumwamuru afunue, soma kipengele hicho ukijue kwa namba, siku ukikitaja kwa namba mbele yake mambo yatabadilika.

Kuhusu tarehe 30. Bosi wako sio kwamba anakudanganya, fedha zisizotumika zinaweza kweli kurudi Hazina na hilo limeumiza halmashauri nyingi. Ila kuna utaratibu wa mkurugenzi kama afisa masuuli kumwandikia Mlipaji Mkuu wa Serikali mapema kabla mwaka haujafungwa, kuomba fedha zenye mkataba unaoendelea zitumike mwaka unaofuata, na hiyo barua inahitaji taarifa ya hali ya mradi ambayo wewe ndio unaweza kuiandika vizuri kuliko mtu yeyote hapo ofisini. Iandike wiki hii hii. Hata ukiwa umebaki na siku chache iandike, ukimpelekea bosi sertifiketi ya kiasi halali kwa mkono mmoja na rasimu ya taarifa kwa mkono mwingine umempa njia ya kutokea. Wengi wanaoshinikiza sio majambazi, wana hofu ya kuulizwa kwenye kikao cha baraza kwanini fedha zimerudi.

Lakini kama ni jambazi kweli, nakwambia hili pia kwa sababu siwezi kukutuma ukiwa mikono mitupu. Tafuta barua yako ya uteuzi. Umesema "niliambiwa nikasimamie", nani alikuteua na kwa maandishi gani? Msimamizi wa mkataba anateuliwa kwa barua. Kama huna omba kesho kwa maandishi, maana bila hiyo ukifanya vizuri huna mamlaka na ukifanya vibaya lawama ni zako zote. Kila agizo la mdomo lijibu kwa dokezo la heshima, "kufuatia mazungumzo yetu ya leo kuhusu sertifiketi, vipimo vya pamoja vimeonyesha hivi, nawasilisha kwa hatua zako", hakuna neno la kumtuhumu mtu humo. Baki na nakala nyumbani. Ukitishiwa kazi au ukaona jina lako limesainiwa na mtu mwingine, hapo ni TAKUKURU, namba 113 haina gharama, na ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Diwani mwalike saiti. Mpandishe pale wodini aangalie juu aone mbingu, halafu mwonyeshe madai yanayosema paa limekamilika, hutahitaji kumweleza kitu na simu zake zitaanza kwenda kwa mkandarasi.

Na hao wamama mwanangu, hapo sijapendezwa hata kidogo na sitaki lisubiri barua yoyote. Kuezua wodi ya wazazi bila kuwa na mbao na bati saiti ni upangaji mbovu wa kazi, mwelekeze kwa maandishi leo afunge turubai, aondoe mbao zenye misumari njiani, na wodi ndio iwe kazi ya kwanza kabla ya rangi ya sehemu nyingine yoyote. Kaa na mganga mfawidhi muone chumba cha kufungia vidonda kinahitaji nini, mlango unafunga, kuna pazia, kuna taa ya usiku, maji yanafika. Hayo ni madogo na yanaweza kufanyika bila mkataba.

La mwisho uliuliza jengo lisirudi palepale. Kwanza usiachie ritensheni. Kwenye mikataba mingi sehemu ya fedha za mkandarasi inashikiliwa, nusu yake inatoka kazi ikikamilika na nusu iliyobaki mpaka kipindi cha kasoro kiishe, na watu wanaiachia kama salamu bila kurudi kuangalia jengo. Andika tarehe ya kuisha kwa kipindi hicho ukutani kwako, mwezi mmoja kabla nenda, na ukiweza nenda mvua inanyesha, paa linakaguliwa mvua ikinyesha. Baada ya hapo jengo ni la zahanati na kamati yake, na mpango wao wa mwaka lazima uwe na kifungu cha matengenezo hata kiwe kidogo, cha kusafisha gata kabla ya vuli na kabla ya masika, kubadilisha misumari iliyolegea kwenye kofia za paa, kukata matawi yanayogusa bati, kupiga dawa ya mchwa. Majengo yetu hayafi kwa uzee, yanakufa kwa gata lililoziba likamwaga maji ukutani miaka mitatu na kila mtu anapita anaona. Wafundishe wajumbe wawili wa kamati kuangalia vitu hivyo, uwape karatasi moja ya kuweka alama.

Ukishapima na mkandarasi nitumie hiyo fomu ya vipimo vya pamoja, ficha majina na ya zahanati pia, niipitie kabla hujajaza sertifiketi. Kama kuna kipengele cha wayaringi umekichanganya nitakuonyesha, huko ndiko watu hupotea sana maana pointi zinahesabiwa tofauti na mita.